Sweta Lililosokotwa kwa Mate

Enzi zetu, sisi tuliokulia Maisaka kabla lami haijafika na kabla Babati haijaanza kujiita makao makuu ya mkoa, nyumbani hakukuwa na takataka. Sisemi hatukuwa na uchafu. Vumbi la barabara kuu tulilila pamoja na ugali. Nasema takataka kwa maana ya kitu kilichomaliza kazi na sasa kinatupwa. Shimo la taka lilikuwepo nyuma ya nyumba, lakini lilipokea majivu, maganda ya mbaazi na kuku waliokufa kwa kideri, basi. Vitu vingine vyote vilihamishwa kazi, kama watumishi wa serikali.

Wa rika langu mtanielewa. Kopo la mafuta ya kupikia likiisha linakuwa kipimo cha mahindi, likianza kutu linakuwa koroboi, na koroboi ikivuja inajazwa udongo na kuoteshwa maua pale barazani. Kandambili ikikatika inatiwa msumari, ikikatika tena inatiwa waya, na soli ikitoboka kisiginoni ndipo sisi watoto tunakabidhiwa rasmi tukate magurudumu ya magari. Vizibo vya soda baba alivigonga vikawa bapa, akaviweka chini ya misumari ya bati ili mvua isipenye, na vilivyobaki tukachezea drafti. Kanga ya mama ilianzia kanisani, ikashuka sokoni, ikashuka shambani, ikawa nepi, ikawa kitambaa cha kuepulia sufuria, na mwisho kabisa, methali yake ikiwa haisomeki tena, ikawa dekio la kupeleka shule. Mimi nimepiga deki darasa la tatu kwa kanga ambayo mama aliivaa siku ya ubatizo wangu, na sikuona ajabu yoyote.

Mkurugenzi wa uhamisho huo wote alikuwa mama. Neno lake lilikuwa moja: "Usitupe, hujakiuliza kinaweza nini kingine." Baba alikuwa anaogopa kuacha kitu chake ovyo. Mwavuli wake uliwahi kuvunjika mbavu mbili tu, akauegemeza ukutani akienda kunywa chai, aliporudi kitambaa chake kilikuwa kimeshakuwa koti la mvua la redio. Tangu siku hiyo kofia yake alilala nayo.

Lakini fahari ya mama ilikuwa masweta. Ikifika Juni upepo ulishuka kutoka mlima Kwaraa, na asubuhi tukienda shule meno yaligongana mpaka tukashindwa kusalimia vizuri. Mama hakuwahi kununua uzi mpya hata siku moja. Alinunua sweta la mitumba, kubwa, lililotoboka viwiko, akalifumua na kufuma jingine. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kunyoosha mikono mbele kama tunaomba, yeye akiuzungushia ule uzi kwenye viganja vyetu. Mikono ikishuka kidogo, unasikia, "Yasinta, umeshakufa?" Yasinta ndiye mimi. Uzi uliotoka kufumuliwa una mawimbi kama nywele zilizotoka kusukwa, kwa hiyo uliloweshwa, ukatundikwa kambani na jiwe chini yake ili unyooke, ndipo ukaviringwa madonge. Sindano za kufumia zilikuwa spoki za baiskeli. Alizinoa kwenye jiwe la kisu, na kwenye upande wa pili akachomeka kipande cha kandambili ili vitanzi visidondoke. Mtaa mzima ulijua sauti ya spoki za mama, ki-ki-ki, ukiwa unapita na ndoo yako ya maji.

Sasa nifike kwa kaka yangu Paskali. Mwaka aliomaliza darasa la saba, Paskali alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni, mbali, huko milimani ambako tuliambiwa maji ya kunawia asubuhi yanauma kama nge. Vijana wa leo hamwezi kuelewa. Siku hizi mtoto asipokwenda sekondari ndiyo habari. Sisi kwa shule yetu walikuwa wanachaguliwa wachache mno, na jina la Paskali liliposomwa, mama alikaa chini pale pale uwanjani, kwenye vumbi, na gauni lake la Jumapili.

Shule ilitaka sweta la dakibluu, lisilo na picha wala maandishi, shingo ya V. Na habari zilishatufikia kwamba kuna mtoto wa kijiji cha Bonga, mwaka uliopita, alifika getini na sweta la kijani akarudishwa nyumbani. Aliporudi, nauli ya pili haikupatikana, na mpaka wakati huo alikuwa anachunga mbuzi. Kwa hiyo sweta la Paskali halikuwa suala la baridi. Lilikuwa geti.

Ikaangukia wakati mbaya. Mama alikuwa amejifungua mdogo wetu wa mwisho, yuko ndani, anakunywa uji na supu, hatoki. Mnada wa mwisho kabla ya shule kufunguliwa ulikuwa siku inayofuata, na wa kwenda alikuwa baba peke yake. Baba yangu alikuwa dalali wa ng'ombe. Ukimwonyesha ng'ombe kwa nyuma, kwa mbali, jua likimpiga machoni, alikuwa anakutajia umri wake, maziwa yake na tabia ya mama yake. Masweta hakuyajua.

Mama alimpa somo akiwa kitandani, mtoto begani. "Baba Paskali, sikiliza. Ugeuze sweta nje ndani, uangalie mshono wa ubavuni. Kama pande zimeunganishwa kwa uzi kama mnyororo, chukua. Kama zimekatwa kwa mkasi na kupigwa cherehani, liache, hata kama ni zuri namna gani."

"Mama Paskali," baba akasema, "nimenunua ng'ombe kabla hujanijua."

"Najua. Sweta halina pembe."

Alirudi jioni anatembea kama mtu aliyeshinda kesi. Sweta alilolinunua sijaona mfano wake mpaka leo. Lilikuwa dakibluu safi, sufu halisi, zito, na kubwa kiasi kwamba mimi na Paskali tuliingia wote wawili tukatoa vichwa kwenye shingo moja. Mbele lilikuwa na picha ya mnyama mwenye pembe za matawi, ambaye baba alisema labda ni aina ya pofu, yule swala mkubwa, ila wa Ulaya. Alituambia jinsi alivyolichagua: alilipima uzito mkononi, akalivuta mgongo, akalinusa. Kuligeuza nje ndani alisahau kabisa. Nafikiri yule mnyama alimchanganya, baba akaona yuko kwenye kazi anayoijua.

Na kwa kuwa alitaka kumfurahisha mama, akafanya jambo jingine la wema. Mama alikuwa amepitiwa na usingizi, mtoto amelala. Baba akatuita nyuma ya nyumba, akachukua wembe, akachana mishono yote yeye mwenyewe, akasema, "Leo mama yenu akiamka akute uzi tu."

Paskali akaanza kuvuta, mimi nimenyoosha mikono. Uzi ukatoka, ukafika urefu wa mkono wa mtu mzima, ukaisha. Akavuta mwingine, ukaisha. Mwingine. Baba akasema, "Unavuta kwa nguvu, unakata." Paskali akavuta pole pole, kama anatoa mwiba kwenye mguu wa mtoto, ukaisha vile vile. Baba akamsogeza akavuta mwenyewe. Tulipokuja kushtuka, upande wote wa mbele, pamoja na yule mnyama, ulikuwa rundo la vipande kwenye ungo, mithili ya nyasi zilizofyekwa. Hapo ndipo mama alipotokea mlangoni na mtoto wake. Aliangalia ungo, akaokota ukingo wa mkono wa sweta uliobaki, akauona ulivyokatwa kwa mkasi, kila mstari uzi wake mbalimbali.

"Baba Paskali," akasema taratibu, "umeninunulia ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa."

Sisi watoto tulitaka kucheka, lakini tulimtazama Paskali kwanza. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakusanya vile vipande kimoja kimoja kutoka chini, anaviweka kwenye ungo, kana kwamba vikikamilika vitarudi kuwa sweta. Hakulia. Pesa ya sweta ilikuwa imeishia kwenye ule ungo, mnada mwingine ulikuwa mwezi ujao, na shule ilikuwa inafunguliwa wiki inayofuata. Moyoni mwangu nilishamwona na fimbo, nyuma ya mbuzi.

Usiku ule baba hakula, na asubuhi mama alijaribu mafundo. Alifunga vipande kimoja kwa kingine, akafuma mistari michache, akaupitisha mkono ndani. "Mafundo mawili kila mstari," akasema. "Huyu mtoto atajikuna mpaka asisikie mwalimu anasema nini." Akaviweka chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mama anauliza kitu kinaweza nini kingine, na kitu kinakaa kimya.

Baba alikuwa amesimama pembeni muda wote. Akachukua vipande viwili kwenye ungo. Akachambua ncha zake kwa kucha, akazitia mdomoni, akazilowesha kwa mate. Kisha akakaa kwenye kigoda, akakunja suruali mpaka juu ya goti, akazilaza zile ncha pajani na kuzisukuma kwa kiganja, mbele na nyuma, mbele na nyuma, vile vile alivyokuwa anasokota katani akitengeneza kamba za ndama. Akamwita mama avute. Mama akavuta. Akavuta tena kwa nguvu. Hazikuachia, na pale zilipokutana palikuwa na unene kidogo tu, huwezi kuuona usipoambiwa.

"Sufu inashikana kuliko katani," baba akasema, mwenyewe anashangaa.

"Basi kaa," mama akasema. "Ungo huo hapo."

Ndugu zangu, baba yangu alikaa. Alikaa mbele ya nyumba, kwa sababu ndani hakukuwa na mwanga wa kutosha, suruali imekunjwa, paja nje, ungo mbele yake, anatia nyuzi mdomoni na kuzisokota. Nyumba yetu ilikuwa kwenye njia ya watu wote waendao sokoni. Dalali wa ng'ombe, mtu ambaye wachungaji walimnyamazia akitaja bei, anafanya kazi za uzi hadharani. Vijana walimwamkia, "Shikamoo," wakipita haraka ili wakachekee mbele. Akajibu, "Marahaba," uzi ukiwa katikati ya meno.

Rafiki yake Mzee Fabiano, dalali mwenzake kutoka Sigino, alifika kumwita kwenda kuangalia dume. Akasimama, akaegemea fimbo yake, akatazama kwa muda mrefu.

"Baba Paskali, naona umepandishwa cheo."

"Nasokota kamba," baba akajibu bila kuinua uso. "Ndama wangu anakwenda mbali."

Mzee Fabiano akaweka fimbo chini. Alitafuta jiwe, akakaa, akakunja suruali yake na yeye. Kazi yake, Mungu amrehemu, haikuwa nzuri. Maungio yake yalikuwa manene kama mihogo, na mama aliyakata kimya kimya na kumpa baba ayarudie. Lakini alikaa. Mazungumzo yao ya ng'ombe yaliendelea kama kawaida, na mdomo ulipowakauka walipelekewa chai ya maziwa, wakanywa, baba akatia ugoro wake mdomoni, wakaendelea. Mimi nilikuwa kigingi, mikono mbele, na kwa mara ya kwanza haikuniuma. Kutoka ndani tulisikia ki-ki-ki ya spoki, mtoto mchanga akilia na kunyamaza, na Paskali akipita kila wakati kuchungulia limefika wapi.

Uzi ulikwisha mikono ikiwa bado haina ukingo. Mama alitazama huku na huku, macho yakatua kwenye kofia ya mtoto mchanga, nyeusi, aliyomfumia kabla hajazaliwa. Akamvua. Mdogo wetu ana wiki mbili duniani na tayari ameshachangia masomo ya kaka yake. Tunamkumbusha mpaka leo akianza kujisifu. Kofia ikawa ukingo wa mikono yote miwili, na asubuhi ya safari Paskali alilivaa akielekea stendi, jua la Januari linawaka, jasho linamtiririka. Alikataa kulivua. Baba alimbebea sanduku mpaka kwenye basi, akamgusa bega, akavuta kidogo ule uzi kama anavyojaribu kamba, akaondoka bila kugeuka.

Sisi tukabaki kusubiri. Siku zile hakukuwa na simu ya kukuambia mtu amefika. Tulichokuwa nacho ni stendi. Kila basi kutoka upande ule likishusha watu, mama alinituma nikachungulie kama Paskali ameshuka, na kila nilipokuta hayumo, nilirudi nikikimbia kwa furaha. Baada ya wiki mbili baba alisema, "Usiende tena. Wamempokea." Siku hiyo alikula ugali wake wote akaomba nyongeza.

Alipokuja likizo alitusimulia. Getini mwalimu aliligeuza sweta nje ndani, akapitisha vidole kwenye yale maungio, akauliza nani amefuma. Paskali akajibu, "Mama amefuma, baba amesokota." Mwalimu akamtazama kama anamdanganya, akaliangalia tena, akamwambia ingia. Wenzake wakampa jina la Kamba, na wengine hawajaacha kumwita hivyo mpaka leo, akiwa mtu mzima mwenye kipara na ofisi Dodoma.

Sweta lenyewe liliendelea na uhamisho wake. Lilikuja kwangu, likawa linanifika magotini. Likaenda kwa yule aliyetoa kofia. Likafumuliwa, likawa soksi, na soksi zilipokwisha likawa kitambaa cha kuepulia sufuria. Lilipoishia sikumbuki, na hakuna aliyelitafuta.

Mwanangu Brayani juzi alinikuta jikoni akiwa na simu yake mkononi, amechangamka. Ameona video, vijana wamekata chupa ya maji wakaotesha kitunguu. "Mama, huu ni ubunifu, watu wanapiga hela huko." Nikamwambia hongera, mwanangu. Sisi tulikuwa tunauita kukosa. Alitengeneza moja, akaipiga picha pande zote, akawatumia wenzake, na kile kitunguu nikawa namwagilia mimi. Nilicheka peke yangu, ila si kwa ubaya. Watoto wetu ni wazuri. Wana kila kitu, ndilo tatizo lao, na tatizo hilo ni sisi tuliowapa.

Baba hatunaye sasa. Tulipokutana Krismasi baada ya kumzika, tulikuwa tunacheka habari za ule ungo na yule mnyama wa Ulaya, ndipo Paskali akasema jambo ambalo hajawahi kulisema. Akasema muhula ule wa kwanza hakulifua lile sweta hata mara moja. Sisi tukapiga kelele, uchafu gani huo, Kamba wewe. Akangoja tumalize. Akasema lilikuwa linanuka ugoro wa baba, kila uzi, kwa yale mate. Taa za bweni zikizimwa, na baridi ile, na kukumbuka nyumbani, alikuwa anavuta mkono wa sweta puani, analala. Mama, ambaye macho yake sasa hayaoni kitanzi, alitabasamu akasema, "Na mimi nilidhani nilifuma vizuri."

Januari hii Brayani naye anakwenda bweni, huko huko milimani. Sweta lake nimelinunua dukani mjini, dakika mbili, limekunjwa ndani ya nailoni, halina kasoro hata moja. Jana nilifungua begi lake wakati hayupo, nikalitoa, nikalisogeza puani. Linanuka duka. Nimelishika muda mrefu, kwa sababu najua huko milimani baridi haijapungua, na taa zikizimwa sijui mwanangu atamnusa nani.